Mlio wa Ajuza

Jumamosi ile Polepole aliamka akiwa ameshaanza kusikiliza. Jua lilikuwa halijavuka ukuta wa uani. Mkewe alikuwa jikoni, vikombe vinagongana, na Polepole amesimama mlangoni na fulana yake ya ndani, akilitazama gari kwa jicho la mtu anayemtazama mgonjwa aliyelala vizuri mno.

Gari lenyewe waliliita Ajuza. Lilikuwa forwili la zamani, linalovutwa na magurudumu yote manne, lenye kibanda cha watu wawili mbele na sanduku la mizigo nyuma, milango ya kubamiza, na rangi ya kijani iliyochujuka mpaka ikafanana na maji ya bwawa. Nusu ya maisha yake liliwabeba wapimaji ardhi na vigingi vyao, na dereva alikuwa Polepole. Jina hilo alipewa na wapimaji, vijana wenye haraka, kwa sababu kila walipofika penye korongo alizima injini, akashuka, akavuka kwa miguu mpaka ng'ambo, akarudi, ndipo akawavusha. Walimcheka sana, lakini hakuna aliyewahi kulala njiani. Idara ilipoamua kuuza magari yake makuukuu, na madereva wake makuukuu wakapewa mkono wa kwaheri, Polepole alitoka getini akiwa ndani ya Ajuza. Watu walisema amejitwisha mzigo. Yeye aliona wamestaafu pamoja.

Tangu hapo kazi ikawa moja. Mkewe alikuwa na kitalu cha miche bondeni, ng'ambo ya korongo, kwenye kipande cha ardhi kisichokauka mwaka mzima. Miche ya matunda, miche ya vivuli, maua ya kupandwa mbele ya ofisi za watu. Kila Alhamisi walishuka pamoja, mume kwenye usukani na mke kwenye kiti cha abiria, magunia ya mbolea nyuma, na jioni wakapanda na miche ikipepea sandukuni kama watoto wa shule waliopewa lifti. Hakuna gari jingine mtaani lililoiweza njia ile. Ajuza akiondoka, kitalu nacho kimekwenda. Na Polepole alipojaribu kujiona bila gari na bila kitalu, aliona kiti cha plastiki, kibaraza, na mwanamume anayewauliza wapita njia habari za huko wanakotoka.

Sasa Ajuza alikuwa analia.

Angelia kila siku, lingekuwa jambo jepesi. Lakini mlio ulikuja kwenye njia ya bondeni tu, na tena mahali pabaya: kong', kong', kisha nyiii nyembamba, ndefu, kama mlango wa chumba kisicho na mtu. Ulitoka chini, mahali fulani kati ya magurudumu na moyo wa Polepole. Akisimama, kimya. Akirudi nyumbani akalizungusha gari mtaani na kwenye mashimo ya karibu na tangi la maji, kimya kabisa, Ajuza anatembea kama bibi harusi.

Binti yao aliusikia siku aliyopanda nao kwenda bondeni, akiwa amekaa nyuma juu ya magunia. Alikuwa muuguzi katika wodi ya majeruhi, na alipofika nyumbani alinawa mikono muda mrefu kama alivyozoea kazini, kisha akamkabili baba yake.

"Baba, watu wanaotoka barabarani, mimi ndiye ninayewapokea."

"Najua, mama."

"Sitaki siku moja niwapokee nyinyi."

Wakaafikiana hivi: mlio ukipatikana kabla ya Jumamosi alasiri, na ikajulikana ni kitu gani kinacholia, binti angenyamaza. Usipopatikana, mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyekwisha kuagizwa aje jioni hiyo, angelivuta gari kwa winchi yake. Polepole alikubali upesi kuliko walivyotarajia. Alikubali kwa sababu mle ndani mwake, mahali asipomfikisha mtu, na yeye alikuwa anaogopa.

Na Jumamosi yenyewe ndiyo hii.

Shemeji yake aliingia na sanduku la vifaa begani. Alikuwa mdogo wa mkewe, fundi mwenye gereji yake mtaa wa pili, mtu mnene mwenye vidole vyembamba vya kushangaza.

"Shemeji," alisema kabla hajatua sanduku, "kumbe bado hujamzika huyu bibi?"

"Ameniambia anasubiri wewe umtangulie."

"Mwambie nimekuja na nyundo. Wagonjwa wangu wote hupona wakiiona tu."

"Na wasiopona?"

"Hao hawarudi kulalamika."

Mama wa nyumba alitokea jikoni na kikombe cha chai. "Nyinyi wawili mkianza hivyo mpaka adhuhuri mtakuwa bado mnatukanana. Nipande? Mnazunguka naye?"

"Kaa tu, dada," shemeji alisema. "Gari linakaguliwa tupu."

Hiyo ilikuwa sheria yao, na haikuwa sheria ndogo. Wote wawili walilelewa katika karakana ya idara, chini ya msimamizi mmoja mkali aliyeamini kwamba mzigo una kelele zake na abiria ana kelele zake, na gari lenye mzigo huficha ugonjwa wake ndani ya kelele za wengine. Kwake, gari la kukaguliwa lilivuliwa kila kitu. Jeki nje, tairi ya akiba nje, abiria nje. Dereva aliyesahau hata chupa ya maji chini ya kiti alirudishwa mwisho wa foleni. Msimamizi alikwisha kufa zamani, lakini sheria yake iliendelea kutembea ndani ya watu hawa wawili kama damu.

Basi wakamvua Ajuza. Walitoa sepeto, kamba, jeki, mkeka wa sakafuni, hata mto mdogo aliokuwa akiukalia mama. Polepole aliendesha, shemeji akining'inia mlangoni na kichwa nje, sikio limeelekezwa chini. Wakapita mtaani, wakapita kwenye mashimo ya tangi la maji, wakarudi.

"Umesikia nini?" Polepole aliuliza.

"Nimesikia tumbo langu. Sijanywa chai."

Wakaingia chini. Chini ya gari kulikuwa na harufu aliyoipenda Polepole kuliko harufu ya nyumba yake mwenyewe: grisi ya zamani, vumbi, na chuma kinachopoa. Waligonga kila kitu kwa mpini wa nyundo na kusikiliza kinavyojibu. Shokamzoba zikajibu vizuri. Bomba la moshi lilikuwa limelegea kidogo, wakalifunga kwa waya. Shafti waliitikisa, wakaipindua, wakaitukana, haikuwa na la kusema. Polepole alichukua kipande cha mpira wa kumwagilia, akaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye difu ya ekseli ya nyuma huku shemeji akilizungusha gurudumu, na kwa muda akasahau mnunuzi wa vyuma, akasahau umri wake. Kutafuta kitu kilichojificha, ukijua kipo, kipo hapahapa ndani ya urefu wa mkono wako, kulimrudishia kitu alichodhani amekiacha getini mwa idara.

Kisha shemeji akasema, kwa sauti ya chini, "Ngoja. Ngoja, ngoja."

Alikuwa amelitikisa bati la breki la gurudumu la nyuma, na ndani yake kitu kikacheza: tiki, tiki. Alilegeza bolti, akaingiza kidole chembamba, akatoa kokoto. Ilikuwa imelainika pande zote kwa kuzungushwa, inang'aa kama kitu cha thamani.

Walitoka chini wakiwa wamejaa matope na furaha. Shemeji aliishika kokoto juu ya kichwa chake, akazunguka nayo uani, akampelekea dada yake jikoni kama pete ya uchumba. Polepole alicheka mpaka akakaa chini. Kokoto. Miezi yote ile ya kukosa usingizi, kumbe ni kokoto.

Binti alipofika bado walikuwa wanacheka. Walimweka kokoto kiganjani. Aliipima kwa mkono, akaigeuza.

"Mjomba, hiki ndicho kilicholia vile?"

"Chuma hukuza sauti, mwanangu. Hata mbu akiingia ndani ya debe utadhani ni ndege inatua."

"Mm," alisema binti. Mm yake ilikuwa ya wodini.

"Kama amepona," mama alisema, akijifuta mikono, "basi twende zetu bondeni. Alhamisi mlininyima safari kwa sababu ya uchunguzi wenu. Magunia ya mbolea yananinukia hapa uani, na miche kule hainywi habari." Akaanza kuvuta gunia mwenyewe. Shemeji akakimbilia kumsaidia, na muda si mrefu sanduku likajaa, mama akarudisha mto wake mahali pake, akapanda, akabamiza mlango. Binti akakaa nyuma na mjomba wake.

Polepole alitoa gari getini kwa madaha. Mbele ya nyumba ya jirani kulikuwa na mtaro unaokata barabara, si mkubwa. Gurudumu la mbele upande wa abiria likashuka.

Kong', kong'. Nyiii.

Polepole alizima injini, mikono yake ikabaki juu ya usukani. Aliiona ile furaha yote ya asubuhi ikimtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kwenye kioo alimwona binti yake akishuka, akatoa simu mfukoni, akasimama nayo bila kupiga, labda kwa kumhurumia, na huruma hiyo ilimuuma zaidi kuliko simu.

"Sasa mnanuna nini?" mama alisema, akiwa bado kitini. "Mimi si niliwaambia tangu mwanzo? Niliwaambia linalia nikiwemo. Mkaniambia nishuke."

"Ulisema lini?" Polepole aliuliza.

"Nimesema mpaka nimechoka. Ulinijibu kwamba labda anayelia ni mimi."

Alilikumbuka jibu hilo. Wakati ule lilikuwa limemchekesha sana. Aligeuka taratibu, akatazamana na shemeji yake, aliyekuwa ameingiza kichwa dirishani. Waliliona jambo lilelile kwa wakati uleule.

"Tupu," alisema shemeji.

"Kila mara tupu."

"Tumemvua nguo mgonjwa, tukaondoka na ugonjwa pamoja na nguo."

"Dada yako ashuke," Polepole alisema, tayari ameshika ufunguo. "Hapana. Asishuke. Mama, kaa hapohapo. Turudi nyuma kwanza, tupite tena."

Wakapita tena mtaroni: kong', kong', nyiii. Mama akashuka, wakapita: kong' moja, hafifu, kama mtu anayekohoa kwa adabu. Wakashusha magunia, wakapita: kimya. Mama akapanda peke yake, bila magunia: kong', na nyiii fupi. Majirani walikuwa wameanza kutoka kwenye milango yao, kila mmoja na maoni yake. Mwuza duka wa kona alisema ni injini. Mwingine akasema ni mashetani.

"Dada, kumbe muda wote ni wewe," shemeji alisema. "Ungepungua kidogo tu tungekwisha kuokoa gari."

"Nipungue mimi? Ajuza amenibeba kabla wewe hujajua kushika spana. Alikuwa halii."

"Ulikuwa huli."

"Baba, msikilize huyu," mama alimlalamikia mumewe, lakini alikuwa anacheka, na alipanda tena bila kuambiwa. Sasa alikuwa anajua kwamba bila yeye hakuna kinachowezekana, naye alikaa wima kama mtu aliyeitwa shahidi.

Polepole aliliacha gari na gurudumu la abiria mtaroni, akaingiza gia, akavuta breki ya mkono, akasukuma mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yote. Magunia yakarudishwa. Binti, ambaye simu yake ilikuwa imerudi mfukoni pasipo mtu kuona, alikunja mikono ya blauzi akapanda juu ya magunia.

"Nikiwaambia," Polepole alisema, "mjitikise. Mama mbele, wewe nyuma. Mkae, muinuke."

"Watu watatuona," alisema mama.

"Wameshatuona."

Akalala chali, akajisukuma ndani na tochi na kipande chake cha mpira. Juu yake tumbo la Ajuza lilikuwa jeusi na laini. Kila mwaka baada ya mvua alilipaka rangi nyeusi nzito ili kutu isile, kazi aliyoifanya kwa mkono wake na kuiona fahari. Aliweka mpira sikioni.

"Haya."

Gari likainama, likainuka. Alisikia springi zikinong'ona. Akasogeza mpira kwenye bomba la moshi. "Tena." Hakuna kitu. Kwenye raba zinazobeba kibanda. "Tena." Kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu. Moyo wake ulikuwa unampiga kifuani kwa nguvu kiasi kwamba ilibidi ausubiri utulie ndipo asikie vizuri. Akasogea mbele. Chini kabisa ya kiti cha mkewe palikuwa na kishikio, mkono mfupi wa chuma unaoishika ncha ya springi ya mbele kwenye chasisi. Akaegesha mpira hapo.

"Tena."

Kong' iliingia sikioni mwake kama nyundo. Aliruka, akajigonga paji la uso, hakujali.

"Shemeji. Niletee tindo. Na brashi ya waya."

Alikwangua. Tope lilitoka, kisha rangi, tabaka juu ya tabaka, rangi ya mwaka jana, ya mwaka juzi, rangi yake mwenyewe. Chini ya rangi pakatokea mstari mwembamba wenye ukingo wa kutu. Aliumulika.

"Waambie wajitikise taratibu."

Gari likainama, na mstari ukafunguka. Ukafunguka mpaka akaona giza ndani yake. Gari likainuka, ukafumba. Ulikuwa unapumua. Kila mzigo ulipokuja ulifungua kinywa, kila mzigo ulipoondoka ukakifunga, na gari likiwa tupu ulilala chini ya rangi kana kwamba haujawahi kuwapo.

"Nimekuona," Polepole alinong'ona. Na shangwe ilimpanda, shangwe safi ya mwindaji; kisha, katikati yake, alitambua alikuwa anatazama kitu gani, na kiti gani kilikuwa juu yake.

Alitoka chini taratibu. Shemeji aliingia, akakaa mle kwa muda, akatoka bila mzaha wowote. Binti alikuwa anawatazama wote wawili.

"Mmeupata."

"Tumeupata," Polepole alisema. "Ni ufa. Kishikio cha springi."

"Kingekatika?"

Shemeji alifungua kinywa, Polepole akamtangulia. "Kingekatika. Pale kwenye korongo, tukiwa tumejaza. Ekseli ingerudi nyuma, usukani ungekwenda njia yake." Alijifuta uso kwa kiganja, akajipaka grisi. "Na anayekaa upande huo ni mama yako. Tuliahidiana, mlio ukipatikana utanyamaza. Nakufungulia ahadi hiyo. Ukisema gari liende, liende. Sitabisha."

Binti alishuka kutoka kwenye magunia. Alipoinama kuchungulia chini ya gari, alifanya hivyo kama anavyochungulia majeraha, bila kuguna.

"Linashoneka?" aliuliza hatimaye.

"Linachomeleka," alisema mjomba wake. "Na siyo kubandika tu. Nakata kishikio chote, naweka kipya cha bati nene, upande wa pili nao vilevile hata kama hauumwi. Lakini sikuambii ukubali. Hili siyo la kuchombezana."

Mama alifungua mlango, akatoa mguu mmoja nje, akabaki hivyo, nusu ndani nusu nje.

"Mnaamua sana," alisema. "Baba anaamua, binti anaamua, fundi anaamua. Anayekaa hapa ni mimi. Mbona hakuna anayeniuliza?"

Walimgeukia.

"Haya, tunakuuliza," alisema binti. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Unaogopa, mama?"

"Naogopa. Nilianza kuogopa kabla yenu, nilikuwa nahisi sakafu inanisukuma miguu." Alimtazama mumewe, si kwa hasira. "Lakini kitu nilichokiogopa nilikuwa sikijui. Sasa nakijua, kina urefu wa kidole. Achomelee. Kisha nipande, mjaze magunia yote, tukapite kwenye korongo lenyewe mchana wa leo nikiwa macho, nisikie kwa masikio yangu. Nikisikia hata chembe, nashuka, na mimi mwenyewe nampigia huyo wa vyuma. Nisiposikia, kitalu kinanisubiri. Na kuanzia leo asiniambie mtu nishuke."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Walimpeleka Ajuza gereji kwa mwendo wa kutembea, akiwa mtupu, safari yake ya mwisho akiwa mtupu kwa ajili ya uchunguzi. Cheche ziliruka, bati likakatwa, likachomelewa, likagongwa, likapoa. Polepole hakusimama pembeni. Alishika taa, akashika jeki, akashika pumzi. Shemeji aliacha utani mpaka bolti ya mwisho, kisha akasema kwamba sasa Ajuza ana nyonga mpya na asishangae akianza kutoka usiku.

Walipofika korongoni Polepole alizima injini, akashuka, akavuka kwa miguu mpaka ng'ambo, akarudi. Hakuna aliyemcheka. Mama alikuwa kitini na mto wake, amevua kilemba masikio yawe wazi. Nyuma, magunia yamejaa mpaka ukingoni, shemeji juu yake akikamilisha uzito, na binti kando yake, amekataa katakata kubaki nyumbani.

Gurudumu la mbele likashuka. Kibanda kikainama upande wa abiria, kikainama zaidi, mpaka Polepole akaona mawe ya chini ya korongo kupitia dirisha la mkewe. Alisubiri. Mwili wake wote ulikuwa sikio. Alisikia maji. Alisikia springi zikikunjana na kukunjuka, mguno wa kawaida wa chuma kizee kinachofanya kazi yake. Gurudumu la nyuma likafuata, pua ya gari ikanyanyuka kuelekea ng'ambo, udongo ukarushwa, na wakawa juu.

Alimtazama mkewe. Mama alikuwa amefumba macho, shingo ameinamisha kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Rudia," alisema.

Akarudi nyuma korongoni, akapanda tena. Mara hii hata yeye hakuweza kujizuia, alikuwa anatabasamu kabla ya kufika juu. Mama alifumbua macho.

"Twende, jua linakuchwa na miche haijanywa."

Nyuma simu ililia. Kupitia dirisha dogo Polepole alimsikia binti yake akiongea na mnunuzi wa vyuma, aliyekuwa amekwishafika nyumbani na winchi na kukuta ua mtupu.

"Samahani kwa usumbufu," alikuwa anasema, akijishikilia kwenye ukingo wa sanduku kwa mkono mmoja. "Hapana, hatukulificha. Gari lipo kazini."